"Mengineyo ni Nini?" Kisa cha Ukaguzi wa Gharama za Utawala katika Idara Moja ya Halmashauri, Kusini mwa Tanzania

Kuhusu kisa hiki

Haya yalitokea katika halmashauri moja kati ya 15 za mikoa ya Mtwara na Lindi. Nilikuwa mmoja wa wakaguzi wa ndani wawili tulioshika kazi hiyo. Jina la halmashauri, la mzabuni na ya watu wote yameondolewa, na tarakimu zimezungushwa ili hati zisitambulike. Nawaandikia wakaguzi wenzangu, wahasibu, na madiwani wanaokaa kwenye kamati za fedha. Tulianza vibaya. Tulimdhalilisha mtu asiye na kosa, na kosa lenyewe muda wote lilikuwa mezani kwetu, kwenye hati tulizoziweka chini kabisa ya rundo kwa sababu zilikuwa za fedha ndogo.

Usuli

Halmashauri za kwetu zinaishi kwa korosho. Ushuru wa mazao, asilimia 3 kwa zao la biashara, huanza kuingia minada inapofunguliwa Oktoba, na baada ya Januari hupungua. Ikifika Mei na Juni, akaunti ya mapato ya ndani ina masalia tu, na mwaka wa fedha unafungwa Juni 30. Sasa tazama kalenda ya mkorosho: Juni ndipo mkulima anaanza kupuliza salfa kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Wakati afisa ugani anapotakiwa zaidi shambani ndio wakati halmashauri imekauka.

Idara tuliyoikagua ni ya kilimo. Kwenye muundo mpya wa mwaka 2022 inaitwa divisheni, lakini ofisini kila mtu bado anasema idara. Ilikuwa na maafisa ugani wapatao 40, wengi wao wakiwa na pikipiki walizogawiwa na Serikali mwaka huohuo wa 2022. Bajeti ilikuwa na kasma, yaani kifungu cha fedha kilichotengwa kwa matumizi maalumu, ya petroli ya pikipiki hizo. Ilikuwa pia na kasma za kawaida za ofisi: shajala, dizeli, posho ya kujikimu, chakula na viburudisho, nauli za washiriki wa vikao.

Kila mwezi Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango hupokea taarifa ya mapato na matumizi. Katika halmashauri hiyo kila idara ilipewa mistari michache tu, na wa mwisho ulisomeka "Gharama za utawala na mengineyo". Mstari huo ulikuwa umepita kwenye kamati kwa miaka bila kuguswa.

Kilichotokea

Katika kikao cha Julai 2024 diwani mmoja, mama mkulima wa korosho, aliweka kidole kwenye mstari huo. "Mheshimiwa Mwenyekiti, mengineyo ni nini? Katani kwangu bwana shamba hajaonekana tangu masika, anasema hana mafuta. Hapa naona idara yake imetumia." Mweka Hazina alijibu kuwa ni matumizi madogomadogo ya uendeshaji. Mama yule akasema, "Basi tuletewe hayo madogomadogo." Kamati ikaazimia, Mkurugenzi akatuagiza tupitie robo ya nne, Aprili hadi Juni. Hati za malipo 214, watu wawili, wiki tatu.

Tulianza na hati kubwa. Ndivyo tulivyofundishwa, na mara nyingi ni sahihi. Hati iliyoongoza ilikuwa ya safari ya maofisa watatu kwenda Dodoma mwanzoni mwa Mei kwa gari la idara: posho za kujikimu, ambazo tangu viwango vipandishwe Julai 2022 ni fedha ya kuonekana, pamoja na dizeli iliyozidi kipimo cha safari hiyo. Tukatazama tarehe. Kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu Mei 4, 2024, na mvua zake zilikata barabara ya Kilwa pale Somanga. Mabasi yalikwama, malori yakalala barabarani. Gari hili lilipitaje siku zilezile kwenda Dar es Salaam na kupanda Dodoma? Logibuku, daftari la safari za gari, ilikuwa na neno moja tu, "Dodoma", na kilometa kubwa kuliko kawaida.

Tuliandika hoja ya ukaguzi siku hiyohiyo: safari isiyothibitika. Tukaisambaza rasimu kwa menejimenti. Kesho yake dereva, mzee aliyebakiza miaka michache kustaafu, aliitwa mbele ya wakuu wa idara wote aeleze.

Alisimama mlangoni akaniangalia mimi. "Mwanangu, namba yangu unayo. Ulinipigia ukaniuliza nilipita wapi?" Kisha akaomba ruhusa, akaenda kwenye gari, akarudi na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na risiti ya nyumba ya kulala wageni Tunduru, na risiti ya dizeli ya Songea. Barabara ya Kilwa ilipokatika, walizungukia Masasi, Tunduru, Songea, Makambako, Iringa, ndipo wakaingia Dodoma. Njia hiyo ni ndefu kwa mamia ya kilometa, ndiyo maana ya dizeli. Lita 35 za Songea alizinunua kwa fedha yake mwenyewe na hakuzidai, kwa sababu mhasibu alimwambia mafuta ya safari hiyo yameshatolewa kwa hati ya kuagizia, hakuna pa kuziweka.

Sijasahau ukimya wa chumba kile.

Tulirudi ofisini tukiwa tumeinamisha vichwa, tukaamua kuanza upya kwa njia nyingine. Badala ya kupanga hati kwa ukubwa wa fedha, tulizipanga sakafuni kwa kasma, na ndani ya kila kasma kwa tarehe. Rundo la chakula, viburudisho na nauli ndilo lililotusimamisha. Kati ya Juni 5 na Juni 28 idara ilikuwa imefanya vikao kazi 9 vya maafisa ugani. Kila kikao watu 40: chakula na chai sh. 10,000 kwa mtu, nauli sh. 20,000 kwa mtu. Ni sh. 1,200,000 kwa kikao, hati isiyomshtua yeyote. Kwa vikao vyote tisa ni sh. 10,800,000.

Kila hati ilikuwa imekamilika. Kulikuwa na dokezo lililoidhinishwa, orodha ya mahudhurio yenye saini, muhtasari wa kikao na risiti ya EFD, mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi. Ungekagua kwa kuweka alama ya tiki, zote zingepita.

Mwenzangu ndiye aliyeona duara. Mtu alikuwa ameweka kikombe cha chai juu ya orodha moja ya mahudhurio, kikaacha alama ya mviringo kwenye kona ya chini, karibu na jina la 37. Orodha ya kikao kingine ilikuwa na mviringo uleule, mahali palepale. Ya tatu vilevile, na ya nne. Kwenye karatasi ya kwanza alama ilikuwa ya kahawia, ukiisugua kwa kidole unaisikia. Kwenye zile tatu ilikuwa ya kijivu, ya mashine ya kudurufu. Alizinyanyua mbilimbili akazishika kwenye mwanga wa dirisha: saini zote 40 zililaliana bila kupishana. Kilichobadilika ni tarehe peke yake, iliyoandikwa kwa kalamu juu ya wino mweupe wa kufutia.

Baada ya hapo tulisoma risiti kwa jicho jingine. EFD huchapa tarehe, saa na namba ya risiti. Risiti za vikao vya wiki tatu tofauti zilitoka siku moja, Juni 27, saa 4:41, 4:43 na 4:44 asubuhi, namba zikifuatana. Tulizihakiki kwa namba zake za uhakiki na zote zilikuwa halali, za mashine halali, kodi imelipwa. Chakula ndicho ambacho hakikuwepo.

Tukafanya sasa kile tulichopaswa kukifanya kwa yule mzee. Tulipiga simu. Tuliwapata maafisa ugani 31 kati ya 40. Walikumbuka vikao viwili mwezi Juni, basi. Mmoja wao, kijana wa kata ya mbali, aliuliza kwa upole kama tunaweza kumsaidia kujua mafuta ya pikipiki yatatoka lini. Mara ya mwisho alipata Februari.

Ilibaki kumwuliza mkuu wa idara. Hakukana. Alifunga mlango, akatoa simu yake, akatuonyesha ujumbe wa kundi la WhatsApp la wakuu wa idara, mmoja baada ya mwingine. "Mkaguzi, soma mwenyewe. Saa mbili usiku natumiwa: kesho kuna ugeni, kilimo ichangie lita 60 na chakula cha watu 30. Kasma ya ugeni mimi sina. Nikikataa naonekana nahujumu. Nifanyeje?" Jibu lake lilikuwa kuomba fedha kwa jina la kikao, kwa sababu kikao kina kasma.

Masurufu, yaani fedha anayokabidhiwa mtumishi kwa kazi fulani na kuitolea marejesho baadaye, yote yalichukuliwa na ofisa mmoja. Kanuni inakataza kumpa mtu masurufu mapya kabla hajarejesha ya awali, kwa hiyo kila marejesho yalilazimika kukamilishwa haraka ili dirisha lifunguke tena, na huko ndiko mashine ya kudurufu ilikoingia. Na fedha ya kufidia yote hayo ilitoka wapi? Ilihamishwa kutoka kasma ya petroli ya pikipiki, bila kupelekwa kwenye kamati.

Maamuzi na sababu zake

La kwanza: hoja ya safari ya Dodoma tuliifuta yote, wala hatukuiacha na maneno ya "imejibiwa". Hoja iliyojibiwa inabaki kwenye kumbukumbu ya mtu, na ile haikustahili kuwepo. Mkaguzi mkuu wetu alimwomba radhi yule mzee mbele ya wakuu walewale waliomsikiliza akihojiwa. Kuna waliosema tunajishusha. Mimi niliona ni deni.

La pili: vikao 9 tulivigawa mafungu matatu. Viwili vilifanyika kweli. Vinne, sh. 4,800,000, mkuu wa idara alionyesha kwa ujumbe wa simu, tarehe na magari kwamba fedha ilikwenda kwenye ugeni. Vitatu, sh. 3,600,000, hakuna aliyeweza kueleza fedha ilikwenda wapi. Mwenzangu alitaka tuandike vyote saba kama malipo ya vikao hewa, kwa sababu nyaraka za kughushi ni za kughushi hata kama mafuta yaliwashwa kwenye gari la mgeni. Hoja yake ilikuwa na nguvu. Lakini tungeyachanganya, Mkurugenzi angejibu kwa mifano ya ugeni, na zile sh. 3,600,000 zingejificha nyuma ya majibu hayo. Tulizitenganisha ili kila fungu lidaiwe jibu lake, na kwenye vikao vyote saba tukaandika wazi kwamba nyaraka si za kweli.

La tatu ndilo lililotunyima usingizi. Maagizo ya kuchangia ugeni yalitoka ngazi ya juu ya halmashauri, na taarifa ya mkaguzi wa ndani huenda kwanza kwa Mkurugenzi, ambaye ndiye Afisa Masuuli, mwenye kuwajibika kwa fedha za halmashauri. Tungempelekea hoja inayomgusa. Tuliamua kutobadilisha njia, ila kuhakikisha nakala zinazotakiwa kwenda mkoani kwa Katibu Tawala na kwa wakaguzi wa nje zinatoka siku ileile. Kabla ya hapo ilikuwa kawaida zichelewe wiki mbili au tatu, "zikipitiwa".

La nne, suala la TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Tulipendekeza fungu la tatu lipelekwe huko baada ya siku 21 za kujibu. Nitalirudia hapa chini.

Matokeo

Ofisa aliyekuwa akichukua masurufu aliandikiwa deni la sh. 3,600,000, likaanza kukatwa kwenye mshahara. Mkuu wa idara alipewa onyo la maandishi. Mzabuni wa chakula aliondolewa kwenye orodha. Mhasibu wa idara alihamishiwa kituo kingine, jambo ambalo halikuwa kwenye mapendekezo yetu na mpaka leo sioni lilitibu nini. Dereva alirejeshewa fedha ya lita 35 mwezi Oktoba, miezi mitano baada ya safari.

Kamati ya Fedha ilibadilisha jedwali. Mstari wa mengineyo ulifutwa, kila kasma ikasimama peke yake, na kukaongezwa safu mbili: kiasi kilichoidhinishwa na kiasi kilichohamishwa. Uhamisho wowote unaogusa kasma ya petroli ya ugani sasa unapita kwenye kamati kwanza. Maafisa ugani walipata mafuta Agosti. Kwa salfa ya Juni, wakati ulikuwa umeshapita.

Suala la TAKUKURU halikufika popote. Siku 21 ziliongezwa, zikaongezwa tena, kisha ofisa alipokubali kukatwa mshahara ikasemwa jambo limekwisha.

Tulipokosea

Kuanza na hati kubwa si kosa. Kosa letu lilikuwa kuandika hoja kabla ya kuuliza swali. Tulikuwa na jambo la kweli, barabara imekatika, tukalifanya lithibitishe jambo ambalo haliwezi kulithibitisha, kwamba safari haikuwepo. Simu ya dakika tano ingetosha. Na tazama nani tulimfikia kwanza: dereva, mtu wa chini kabisa kwenye hati ile, wakati maofisa watatu waliosafiri naye walikuwa jengo lilelile. Hilo linaniuma kuliko lolote, kwa sababu halikutokana na kutojua. Ilikuwa rahisi kumwita.

Wiki mbili baadaye, tulipohitaji madereva watueleze magari ya ugeni yalijaza wapi, wawili walikataa kuzungumza nasi. Ni yule mzee mwenyewe aliyekwenda kuwaambia waseme.

Logibuku nayo ina somo lake. Neno "Dodoma" peke yake lilitufanya tumshuku mkweli, na lingeweza vilevile kumficha mwongo. Sasa halmashauri hiyo inadai njia iliyopitwa na sababu ya kubadili njia, mistari miwili tu.

Kilichofanya kazi

Kupanga hati kwa kasma na tarehe ndiko kulikofungua kila kitu. Hati moja ya sh. 1,200,000 haisemi neno. Tisa zikilala sakafuni kwa mfuatano, mwezi wa kufunga mwaka, mwombaji mmoja, mzabuni mmoja, zinasema zenyewe. Nawasihi wenzangu wanaokagua kupitia MUSE, mfumo wa malipo wa Serikali: mfumo unakuonyesha nani aliomba, nani aliidhinisha na lini, lakini hauoni duara la kikombe. Toeni karatasi kwenye mafaili mzishike.

Jingine ni kusoma saa kwenye risiti. Tumezoea kuuliza kama risiti ya EFD ipo na kama ni halali. Risiti halali inathibitisha kwamba mfanyabiashara alichapa risiti. Kama watu walikula, siku gani na wangapi, hilo linatafutwa kwa waliotajwa kula.

Na lile swali la mama diwani. Hakuuliza tu fedha imetumikaje, alianza na kitu ambacho hakikufanyika: bwana shamba haonekani. Gharama za utawala ukizikagua zenyewe kwa zenyewe, zitaonekana za kawaida daima, maana chai ni chai. Ziweke kando ya kazi iliyokosa fedha. Kwa bei ya petroli ya Juni ile, iliyopita kidogo sh. 3,200 kwa lita, sh. 10,800,000 ni karibu lita 80 kwa kila afisa ugani. Tulipoiandika hivyo kwenye taarifa, madiwani ambao hawajawahi kuuliza swali la hesabu waliuliza.

Ugeni usio na kasma

Hapa ndipo tulipofeli, na nasema "tulipofeli" nikijihesabu. Tuliadhibu waliotengeneza karatasi, na chanzo cha karatasi tulikiacha. Wageni wa kiserikali wataendelea kuja, na ni haki wapokelewe. Lakini mahitaji yakiwa ya kudumu na kasma haipo, kila mkuu wa idara anajifunza kuomba fedha kwa jina lisilo lake. Akishaizoea njia hiyo kwa ajili ya mgeni, iko wazi pia kwa anayetaka kujinufaisha. Zile sh. 3,600,000 zilipita kwenye mlango uliofunguliwa na zile sh. 4,800,000, kwa fomu zilezile, mkono uleule.

Tulipendekeza mambo mawili: kasma ya ugeni chini ya ofisi ya Mkurugenzi yenye kikomo kinachojulikana, na kila mchango wa idara uwe na dokezo lenye jina la shughuli hata kama fedha imeshatoka. La pili lilikubaliwa haraka kwa sababu halina gharama. La kwanza liliingizwa kwenye mapendekezo ya bajeti ya 2025/26, likapunguzwa kwenye mapitio hadi kiasi ambacho wageni wa robo moja wangekimaliza.

Mkuu wa idara yule bado yupo kazini. Ananipigia mara mojamoja. Ujumbe wa saa mbili usiku bado unaingia, anasema, na asubuhi anaandika dokezo lenye kichwa "Mchango wa ugeni", analipeleka kwa mkono, anaomba lipigwe muhuri wa kupokelewa. Mengine hurudi na idhini. Mengine anasema hayajarudi, na nakala zake anazihifadhi kwenye faili alilolinunua mwenyewe.